Alama Mlangoni

Januari hii imekuja bila meno.
Hakuna sakitu kwenye kioo cha gari,
hakuna moshi mdomoni mtu akitoa salamu.
Kuna mvua tu, vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto,
mvua isiyo na haraka, isiyo na radi, isiyo na haya.
Leo siku ya kumi na tisa.

Soksi nilizoanika juzi zinanuka mbwa.
Kuvu imechora ramani nyuma ya kabati.
Nyuki mmoja, masikini, ameamka kabla ya saa yake,
anapapasa dirisha akitafuta ua
na mimi sina ua, nina picha ya ua kwenye kalenda.

Baridi ya kweli ni katili, lakini ina mpaka:
huja, hukaza, hupasua bomba, huondoka.
Hii ni kama mgeni mpole asiyejua kuaga.

Gethin amepandisha kondoo wake makaburini,
ndipo mahali pekee palipobaki pakavu,
na kasisi hakusema neno.
Wanatafuna majani juu ya wakwe zangu,
watu ambao maisha yao yote hawakupenda kelele.

Redioni binti mwenye sauti laini anatugawia rangi:
jana manjano, leo machungwa.
Nyekundu hajaitaja. Anasema *uwezekano*
kana kwamba ni jina la mtu aliye njiani na mizigo.
Haya, karibu, Bwana Uwezekano.
Usivue viatu. Zulia nimeshalikunja.

Osian wa zimamoto ameniletea viroba vya mchanga:
“Sita kila nyumba, Bi Eluned, siwezi kuzidisha.”
Kimoja kilimponyoka kikapasuka ukumbini,
na humo mchangani nikaokota gamba la chaza.
Bahari imetumwa kwetu kwa lori
kuja kuuzuia mto usiende baharini.
Nimeliweka gamba dirishani, karibu na nyuki.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kuna mistari ya penseli.
Ya kushoto ni ya Iestyn, mwanangu:
miaka minne, mitano, sita na nusu.
Ya kulia ni ya mto Hafren.
Yote aliichora marehemu Emrys,
kwa penseli ileile bapa ya useremala,
amepiga magoti, ulimi umetoka kidogo pembeni.
Mwaka ambao mtoto alinifika kiunoni
mto ungemfika mtoto kidevuni,
kama tusingekuwa tumemlaza juu
na kumwambia zile ni sauti za meli.
Miaka ikaenda. Nikawa napima kwa macho,
upuuzi wa mama, nani anamzidi mwenzake.
Mtoto alishinda.
Kisha akaondoka, na mto ukabaki.

Jana amepiga simu kutoka Adelaide.
Huko kwao bustani imekuwa majivu, wanaoga kwa zamu.
“Nikutumie kidogo?” nikamuuliza.
Tukacheka. Halafu hakuna aliyesema kitu,
na nadhani alisikia mfereji wa paa ukimwagika
kwa sababu aliuliza, polepole, kwa Kiwelisi,
lugha ambayo siku hizi huitoa kwa nadra kama sahani za harusi:
“Mama, iko ngazi ya ngapi?”

Ya pili, nikamwambia.
Ilikuwa ya tatu.

Sasa ni saa nane za usiku.
Juu nimepandisha vyeti, albamu, cherehani, unga.
Meza nimeiacha; ni ya mwaloni, itajitegemea.
Taa ya barabarani imesimama ndani ya maji
na inajitazama, haitikisiki.
Ngazi ya nne inang'aa. Sijui ni mvua
au ndiye yeye.

Nimevaa buti za mpira juu ya nguo ya kulalia.
Penseli ya Emrys imo mfukoni.
Sijainoa.