Bati la Namba Nne

Miaka ishirini na mmoja nimekaa nyuma ya ubao huu, Ruaraka,
natundika mabati ya namba kwenye misumari.
Sura yangu hamuijui.
Mimi nawaona kupitia tundu la msumari uliong'oka,
kwa hiyo wewe, Elkana, nimekuona maisha yako yote
ukiwa na ukubwa wa punje ya dengu.

Ilitosha.
Hata kwa ukubwa wa dengu nilikutambua:
unavyogusa ardhi kwa gongo mara mbili,
kama mtu abishaye hodi kwake mwenyewe,
unavyonyanyua kiwiko, halafu kimya,
halafu mlio ule, usio wa kupiga bali wa kuruhusu,
na mpira unapita katikati ya wawili waliowekwa kuuzuia,
nao hawageuki. Wanajua.
Nami nishainuka kutundika nne kwenye msumari wa juu
ili walio mbali waone.

Bati la nne limechakaa kwa sababu yako.
Nimelipaka rangi mara sita, kwa pesa zangu.
La saba bado linang'aa, maskini, kama sahani ya wageni.

Leo walikuja. Nimewahesabu, ndiyo kazi yangu:
mia moja na kumi na wanne,
ukimtoa mbwa wa askari Kibor.
Zamani walipanda hadi ukutani,
enzi timu ilipokuwa na nauli.
Hawa ndio waliobaki chujioni.

Maganlal wa Ngara, fundi aliyekushonea suruali nyeupe ya kwanza,
aliipunguza kutoka ya marehemu kaka yake, hakukudai,
leo kasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini.
Sista Wairigia katoka zamu ya usiku Pumwani, hajalala,
anamsimulia kila mtu ulivyowahi kumkosea:
mwaka ule aliomba ruhusa kazini kwa uongo wa msiba,
akaja, nawe ukatoka kwa sifuri.
"Nilimzika shangazi mzima kwa ajili ya sifuri!"
Anacheka. Anafuta pua.
Na vijana wa Baba Dogo wasiojua sheria hata moja,
wamekuja kwa sababu baba zao walikuja.

Ulifika kumi na tisa.
Kisha Imtiaz, mtoto wa Pangani,
aliyekua na picha yako juu ya kitanda,
akarusha mpira wa polepole, nawe
(nasema kwa heshima)
ukachelewa.
Kijiti kimoja kikaanguka. Si vyote vitatu. Kimoja,
kama mtu anayeketi kwa uchovu.

Imtiaz aliinua mikono, akaishusha,
akatutazama kana kwamba amevunja glasi ukweni.
Hakuna aliyemzomea.
Maganlal ndiye aliyeanza makofi,
ya mkono mmoja juu ya goti,
maana wa pili haumtii tena.
Makofi yakaenea. Ukatembea taratibu ukivua glavu,
na kwa mara ya kwanza ukakua:
kutoka dengu, ukawa kunde, ukawa mtu
mwenye mvi na goti bovu,
ukapita chumba cha wachezaji, ukaja huku nyuma.
"Mama Namba," ukasema, "pole na kazi."
Miaka yote hiyo, nikakosa jibu.
Nikakupa maji.

Jioni niliyashusha mabati, nikayafunga kwa kamba.
La nne nilikunja ndani ya khanga.
Nimeliiba, ndiyo. Waniulize.

Kwangu Kariobangi paa linavuja juu ya kitanda.
Nimeligongomea pale.
Usiku mvua ikianza,
tone la kwanza, tone la pili,
unabisha hodi,
halafu kimya,
halafu maji yanateleza yakitafuta mpaka,
nami nishainuka gizani, mkono juu,
napapasa msumari.