Hesabu Juu ya Mfuko wa Mbolea

Gwakisa ameukunjua mfuko wa mbolea, upande mweupe juu,
mezani, kati ya taa na bakuli la mbegu,
akaniambia, Shangazi, nimeipata.
Nyota ya jirani (jirani!),
nuru yake huondoka kwao mtoto akiwa tumboni
ikafika hapa Kikondo anapoanza chekechea.
Pembeni yake ipo sayari, wanasema,
si moto sana, si barafu tupu, huenda ina maji.
Na chombo chetu chenye mbio, kile kilichokwisha toka nje ya boma la jua,
hukata kilomita kumi na saba kwa sekunde.
Isyonje hadi hapa ni chafya moja.
Kingeelekezwa huko, kingefika baada ya miaka elfu sabini na kitu.

Nikaweka kiazi chini.
Mimi ni wa darasa la saba, lakini mbegu naijua.
Nikagawanya kwa ishirini na tano,
umri wa mama yake alipomzaa:
vizazi elfu tatu, kasoro kidogo.

Mbegu huchoka, mwanangu.
Msimu wa kwanza inatoka Uyole, safi, imezaliwa chupani,
haijui udongo wala kidudu.
Wa tatu, majani yanaanza kujikunja kama barua.
Wa tano unavuna kete za bao.
Hiyo ni misimu mitano, na mvua, na samadi,
na mimi kila asubuhi nikiing'oa miche migonjwa.
Wewe unaniambia elfu tatu,
ndani ya kopo.

Watalala, akasema. Watagandishwa, waamshwe wakifika.

Juni ile jalidi ilipolala siku tatu shambani kwa Atupakisye
tulichimbua viazi vigumu kama mawe ya mto.
Jua likapanda.
Ganda lilibaki zima, umbo lilibaki zima;
ukibonyeza, kidole kinazama hadi fundo.

Basi waende kasi zaidi! Mara elfu!

Waulize madereva wa mteremko wa Iwambi.
Lori likikatika breki
hakuna anayelalamika kwamba halifiki.
Atakayebeba moto wa kwendea
abebe na moto wa kusimamia,
na moto huo wa pili una uzito,
na uzito huo unadai moto wake:
lumbesa juu ya lumbesa, na gunia ni lile lile.

Akanyamaza. Nami nikawaza wale wa katikati,
kizazi cha mia nane, tuseme,
binti mmoja, tumwite Tusekile,
ambaye hakuondoka na hatafika.
Kitovu chake watakizika wapi?
Hajapata kuona kucha zenye udongo.
Nani alimwuliza?

Na mimi, nani aliniuliza.

Gwakisa anaandika, anafuta, anaandika.
Kifutio kimetoboa mfuko.
Sikuwa nimekusudia kumnyang'anya kitu.

Ndipo nikachukua taa nikamwonyesha
nisichomwonyesha hata bwana shamba.
Huko nyuma ya ghala, nyuma ya vichanja vinavyopata mwanga,
kiazi kilidondokea gizani tangu Aprili.
Hakina udongo, hakina maji, hakuna aliyekituma.
Kimetoa chipukizi jeupe,
jembamba kama uzi wa kushonea magunia,
likapita chini ya kichanja, likauzunguka mguu wa meza mbovu,
linaufuata ufa wa mlango.
Jani halina hata moja.
Machipukizi ya namna hiyo kazi yangu ni kuyavunja.
Ukiyapanda hayasimami, najua.
Hilo sijalivunja.

Gwakisa alipiga magoti na rula yake ya shule.
Sentimita sitini na mbili.
Ufa bado uko mbali, mita na ushei,
na kiazi chenyewe kimesinyaa, kimebaki ngozi.
Akaandika sitini na mbili
chini ya elfu sabini,
bila alama ya kugawanya wala ya kujumlisha,
akaniomba kona ile nisiifagie.