Mvunguni mwa Ubongo

Mama alishona glavu, mjini Randers,
ngozi ya mwanakondoo, na kwenye kila kidole
mishono kumi na miwili ambayo mteja hakupaswa kuiona.
Yeye aliiona,
mpaka majira ya baridi ya sitini na moja
alipoanza kunipa sindano nimtungie uzi.

Kwetu tundu la sindano tunaliita jicho.
Nilikuwa na miaka minane.
Nilipitisha uzi katika jicho la chuma,
sikujua naona kwa niaba ya nani.

Husemwa macho hayana pazia.
Ya mama yalishushiwa pazia, jekundu, kutoka ndani.
Daktari Kjærgaard alimmulika, akachora daftarini
duara, na humo nyuzi zilizoota pasipopandwa,
zikichanika, zikivuja.
Ni kisukari, alisema, ila kisukari hakiko peke yake.
Kuna tezi, yapata punje ya kunde,
imening'inia chini ya ubongo kama kifungo cha glavu.
Hiyo ndiyo inayoamuru: kua, ongezeka, ota.

Usiku ule mishipa iliota.
Mama naye aliota: glavu zisizo na vidole,
rundo zima, na msimamizi anazihesabu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Basi waliinama, wanaume watatu na muuguzi mmoja,
wakapita puani,
wakamtoa mtoa amri.

Alirudi Machi, mweupe kama shuka la hospitali.
Damu machoni ilikoma
kama ugomvi unavyokoma mwenye nyumba akihama.
Lakini tezi ile haikuwa na amri moja tu.
Julai alivaa sweta mbili.
Hedhi haikurudi; mdogo wangu niliyeahidiwa hakuja.
Vidonge asubuhi, vidonge jioni,
na insulini iliyomtosha jana
leo ilitosha kumuua:
mara mbili nilimkuta kwenye sakafu ya jikoni,
nikamsugua sukari kwenye ufizi kwa kidole changu,
nikimwita Ragnhild, si mama,
maana kwa mama hakuitika.

Aliona, hata hivyo. Miaka kumi na mmoja.
Aliiona kofia yangu nyeupe ya kumaliza shule
akasema ukingo wake umeshonwa ovyo.
Kweli, ulishonwa ovyo.

Sasa zamu imenifikia, miaka sitini na miwili,
Aarhus, kwenye kiti kinachopanda na kushuka.
Daktari Tharsika ana umri wa binti ambaye sikumzaa.
Haniambii habari za pua wala kisu.
Ananipa chupa ndogo, inaenea kiganjani.
Hii nayo ni homoni, anasema,
ila hii haisemi ota. Inasema tulia.
Retina hujitengenezea yenyewe,
na kisukari huikausha taratibu, kama kisima.
Tone moja asubuhi, moja jioni.
Nusu yenu mna dawa, nusu mna maji ya chumvi.
Mimi mwenyewe sijui nani ana nini.

Nilimwonyesha picha ya mama.
Aliitazama kitambo, akauliza kama baridi ilimwisha.
Hakuna daktari aliyewahi kuuliza hilo.
Nikasema haikumwisha.

Jioni nakaa kwenye ukingo wa beseni.
Walioinama waliinama kwa ajili yake;
mimi nainua uso tu.
Tone linaanguka. Linawasha kidogo.
Ikiwa ni maji, basi nayalia kinyume,
yanaingia badala ya kutoka.

Kisha naitoa kabatini jozi yake ya mwisho,
ya kijivu, aliyoishona baada ya Machi ile,
naiweka chini ya taa,
nahesabu kwenye kidole gumba cha kushoto.
Jana kumi na miwili.
Leo kumi na mmoja.
Au nimeruka mmoja. Au ni taa.
Nahesabu tena.