Kistari cha Ukurasa wa Kumi na Saba

Dukani kwa Malang Sané, mchapaji wa Ziguinchor,
taipureta haikuwa na n yenye mkia.
Ilikuja na herufi za makarani,
wale walioandika jina la baba yangu kwa d isiyotamkwa:
Badji. Miaka arobaini niliibeba d hiyo
kama kokoto ndani ya kiatu,
sikujua kama naruhusiwa kuketi, kuitoa.

Basi nilichukua wembe. Nikakata mkia wa j,
nikaubandika kwa gundi kwenye mguu wa n,
mara mia mbili na sita,
hadi ikapatikana ŋ,
sauti ile inayobaki puani
kengele ikishanyamaza.

Aramata Goudiaby alikuja kusahihisha.
Hakujua kusoma; ndiyo sababu tulimwita.
Alikalia ndoo iliyofudikizwa,
tope la mpunga limemkaukia vifundoni,
akasema: Soma.
Nikasoma.
Akasema: Ni nani huyo anayesema hivyo? Simjui.

Mwandiko unaona irabu tano. Koo linajua kumi:
tano zimelegea, tano zimekaza,
mzizi wa ulimi ukisogea mbele
na koo kupanuka kama mdomo wa mtungi.
Hazichangamani. Ikikaza moja
nyumba nzima ya neno inakaza.
Kwa hiyo kistari kimoja tu, juu ya irabu ya kwanza,
na zilizobaki hufuata bila kuandikiwa,
kama ng'ombe wamfuatavyo yule
aliyetangulia kuvuka mfereji.

Kimoja tu. Nami nikakisahau.

Nakala mia nne, zimeshonwa, zimefungwa kamba,
na ukurasa wa kumi na saba
neno tunaloamkiana nalo, neno la amani,
limelala kichwa wazi: kasuumaay.
Malang akasema, Karatasi imekwisha, pesa imekwisha,
na nani atakufa kwa kukosa kistari?
Aramata akasema, Hafi mtu.
Ila hakuna atakayeitikia.

Akaomba kalamu ya wino.
Aliishika kama mche wa mpunga,
ncha chini, kidole gumba nyuma,
akainama jinsi wanawake wa Fonyi wanavyoinama mwezi wa Agosti,
akaanza kupanda.
Kila nakala alilitamka neno kwanza,
kwa sauti, ndipo akachoma: kásuumaay.
Vingine vilisimama wima. Vingine vililala
kama mche uliozidiwa na maji.
Kimoja kilitoboa karatasi; akacheka, akakiacha.
Tulimletea chai mara tatu, ikapoa mara tatu.
Usiku wa manane Malang alikuwa akikoroma juu ya marobota
na yeye bado anaamkia watu mia nne asiowaona.

Juzi, huko Bignona, kwa muuza vitabu vikuukuu,
niliikuta moja. Jalada hakuna.
Mchwa wamekula mafumbo na nusu ya hesabu.
Wino wa mashine umefifia, mikia yangu
ni vumbi ukitaka, ni mikwaruzo.
Lakini ukigeuza ule ukurasa
na kupitisha kidole upande wa nyuma,
karibu na ukingo, pana kiuvimbe
kidogo kuliko punje.

Nilikipapasa.
Muuzaji akaniuliza, Unanunua au hununui?
Sikumjibu yeye kwanza.
Nilijibu: kásuumaay kep.