Kitanzi cha Koti

Mama alininunulia sweta Madurai,
mwezi wa nne, lami ikiyeyuka,
kwa mwuzaji aliyeapa kwa macho yake mawili
kwamba hata Warusi huiulizia.
Nikaijaribu palepale dukani.
Jasho lilinitiririka hadi kisiginoni,
mama akapiga makofi:
"Unaona, Yazhini? Inafanya kazi."

Tomsk, mwezi wa kumi na moja, kazi yake iliishia
kati ya mlango wa bweni na kituo cha tramu.
Hatua arobaini. Nilizihesabu.
Upepo uliipita kama mgeni asiyejua hodi,
ukaketi kifuani.
Kope zilishikana kama waliolishana kiapo,
na suruali yangu ya jinzi ikawa mbao mbili
zinazotembea, mimi katikati.

Niliporudi, mafuta yangu ya nazi
niliyoyaacha dirishani
yalikuwa jiwe jeupe ndani ya chupa.
Niliyatazama nikajiona.

Aitalina, tunayelala naye chumba kimoja,
katoka Yakutia, ambako, asema,
maziwa huuzwa kwa kipande, kama sabuni.
Alinivua kama amenyaye kitunguu,
akanivisha kama anayekirudishia maganda.
"Pamba ni adui. Inakunywa jasho
halafu inakurudishia barafu."
Kwanza hii nyembamba, ya kubana.
Kisha sufu. Kisha hewa.
"Hewa?"
"Acha nafasi. Hewa ndiyo nguo yenyewe,
hizi nyingine zinaibeba tu."
Soksi mbili, si tatu; tatu hubana,
na mguu uliobanwa hutangulia kufa.
Akaniazima mabuti ya sufu ya marehemu shangazi yake,
makubwa, mazito, rangi ya panya.

Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri matako.
Waliosema hawakuwahi kungoja tramu
saa moja asubuhi, giza totoro,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.

Koti nililipata la mtumba
kwa msichana wa mwaka wa sita aliyekuwa akirudi Goa.
Mfukoni aliacha pipi moja na glavu moja.
Ya kulia.

Dakika ishirini kuvaa, dakika kumi safari,
kisha mlango wa anatomia, joto la mabomba,
na sheria: koti halipandi ngazi.
Nyuma ya kaunta alisimama Galina Prokopyevna,
miwani kwenye kamba, makoti mia tatu mgongoni mwake.
Akalipokea langu, akageuza ukosi,
akapapasa kwa kidole, akanirudishia.
Alisema neno.
Kirusi changu kilikuwa cha mifupa;
ningeweza kumtajia fupanyonga na sehemu zake zote,
ila neno lile sikulijua.
Akachora duara hewani,
akaelekeza kidole nyuma ya shingo yangu.
Nikadhani nimehukumiwa.
Kisha akagonga msumari ukutani,
na ndipo nikaelewa: koti halina kitanzi,
litaning'inia kwa nini?

Vipindi vitatu nilikaa nimelipakata
kama mtoto mwenye homa.

Kesho yake alilichukua bila neno,
akanipa kibati, namba 214.
Jioni, nikiingiza mkono,
nikauona: utepe wa boksi la keki,
umekunjwa mara mbili,
umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono ya hasira,
ya mtu asiyetaka kuirudia kazi.
Nikatafuta neno la shukrani.
Alikwisha kugeukia koti la mwingine.

Jumapili mama alipiga simu.
Alitaka kuniona, nikamwonyesha uso tu.
"Na sweta? Inafaa?"
"Inafaa, mama. Kila siku inazuia upepo."
Sikusema uongo.
Imesokomezwa kwenye ufa wa dirisha,
mkono mmoja umebaki nje ya ufa, huku ndani kwetu,
na usiku, upepo ukizidi,
unanipungia.