Figa la Tatu

Babu Rwizibuka hakukamatwa kwa kamba.
Hilo bibi alilisisitiza, kidole hewani:
alikuja mwenyewe kutoka Minova, kwa miguu,
na viazi vinne na jina lake zima.
Karani wa boma akaliandika nusu: Rwizi.
Karatasi, akasema, imekwisha.

Walimwahidi ng'ombe, shamba lisilo na kodi,
na viatu.

Boma lilikuwa la mawe meusi ya volkano,
yamepakwa chokaa upande wa mbele tu,
ule ambao Mdachi wa Kisenyi angeuona.
Waliolala ndani waliachiwa weusi.
Kofia nyekundu alipewa. Blanketi, moja kwa wawili;
mwenzake, Chirimwami, alikuwa na miguu mirefu,
kwa hiyo vita vya kwanza vya babu vilikuwa vya blanketi.

Usiku mpaka ulikuwa hatua mia mbili na mtaro wa mvua.
Askari wa ng'ambo naye aliota moto, naye alikohoa,
naye alijua Kiswahili.
"Wee wa huko! Wenu wamelipa?"
"Bado. Wenu je?"
"Wanasema mwezi ujao."
"Upi?"
Kicheko kikavuka bila cheti.
Asubuhi walipigiana risasi, kila mtu akilenga juu kidogo,
isipokuwa siku moja
ambayo bibi aliiruka kila mara, akainama kuchochea moto.
Kuanzia siku hiyo blanketi lilimtosha babu.

Mwisho wa mwezi dirisha dogo lilifunguliwa:
chumvi, vijiko viwili.
Mwezi mwingine, kitambaa.
Mwezi mwingine, hotuba.
Ndipo babu akaanza kujilipa.
Kila mwezi mkavu, jiwe moja,
limeviringishwa ndani ya blanketi,
likatoka kwa lango ambalo zamu yake ilikuwa kulilinda.
Bwana mkubwa alipouona ukuta unang'oka meno
aliwaandikia wakubwa wake: tetemeko.
Haukuwa uongo mtupu.

Vita vikaisha. Alikuwa amejitolea; wakamtoa.
Medali ya ukubwa wa kifungo, hakuna ng'ombe.
Miaka miwili baadaye aliitwa dirisha lile lile,
karani yule yule, na safari hii karatasi ilitosha:
Rwizibuka mwana wa Bisengimana, wa Minova,
kodi ya kichwa, franga tano.

Mawe mengine sijui yaliishia wapi.
Matatu yalikuwa mafiga ya bibi, kisha ya mama, kisha yangu.
Chokaa haikutoka. Bibi aliisugua kwa majivu,
nami niliisugua kwa sabuni, nikaiacha.
Juu yake tulipika sombe, maharage, maji ya kumwogesha mfu.

Usiku mlima ulipoteremka mjini
tulipakia chukudu: godoro, watoto, sufuria, mafiga.
Watu walisukumana, mbingu nyekundu kama kofia ile.
Jiwe moja likadondoka. Nikageuka,
nikaona kule nyuma barabara yenyewe inakuja,
inatambaa, inang'aa.
Nikaliacha. Mlima ulidai chake,
na angalau ulikuja wenyewe, haukutuma karani.

Sasa napikia kwa mawili ya boma
na la tatu ni tofali la saruji, jembamba kidogo,
chungu kinainamia Kisenyi.
Nililinunua kwa fundi Kasigwa wa Birere.
Risiti ninayo, nimeifunga kwenye pindo la kitenge.
Nilimsimamia akiandika.
Jina langu liko lote.