Upande wa Pili

Panya alikula nusu ya jina lake,
limebaki "—ora", na mwaka: sabini na moja.
Nyaundi, fundi redio wa Kaloleni,
aliniuzia santuri kwa mia, akicheka:
"Huyu hata kwao Uingereza hawamjui."

Usiku stima iliporudi nikaishusha sindano.
Gitaa moja. Kikohozi kabla ya wimbo wa tatu
ambacho hakuna aliyejali kukifuta.
Anauimba mto nisioujua
kwa Kiingereza kisichofanana na cha shuleni,
maneno yamejikunja
kama sukuma iliyosahaulika juani.

Mkwaruzo uko upande wa pili.
Hapo sindano huruka, naye hurudia
neno moja, lile lile, lile lile,
nadhani ni "subiri".

Mama, aliyefua nguo Lavington miaka tisa,
akasimama mlangoni, mwiko mkononi:
"Huyu namjua.
Memsabu alimweka kila Jumapili,
akajifungia, akalia.
Hata hapo palikuwa pakikwama.
Mimi nilidhani ni dadake."

Sikuinua sindano.
Tukaliacha neno lizunguke,
na ugali jikoni
ukaanza kushika chini.